Mfalme Asiye na Kazi ya Mkono

Wajukuu wangu wananicheka. Wananiletea maharagwe ya dukani yaliyofungwa vizuri, yamechaguliwa na mashine huko yalikotoka, nami nayamwaga kwenye ungo na kuanza kuyachagua upya. "Nyanya, hakuna mawe hapo!" Najua hakuna mawe. Nani amewaambia natafuta mawe? Mikono yangu ikishika maharagwe mimi siko tena hapa Kiminini kwa binti yangu. Niko Kitale, nyuma ya duka, mtoto wa miaka tisa nimeketi juu ya gunia tupu, na mbele yangu ameketi mama yake mwenye duka, ananiambia nisisimamishe mikono.

Kaa basi nikueleze, maana wajukuu hawana muda na mimi bado ninao.

Sisi tuliishi kwenye shamba la mzungu, kati ya Kitale na Kiminini, miaka ile kabla Uhuru haujawa hata neno la kunong'ona nyumbani kwetu. Baba aliendesha ng'ombe wa plau. Asubuhi, kabla ukungu wa Mlima Elgon haujatoka mashambani, kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti kiligongwa ngaa-ngaa-ngaa, na watu wazima wote wakatoka nyumbani wakiwa bado wanatafuna viazi vya jana. Tulipewa kipande cha kulima wimbi na mahindi yetu. Aliyeamua nani apate kipande na nani afungashe virago hakuwa mzungu. Alikuwa nyapara, mkubwa wa vibarua, mtu wetu kabisa, mwenye koti refu na sauti ya kufukuza kunguru. Alipomwona nyapara amekasirika, mama aliturudisha ndani sote.

Jumamosi mama alipeleka mayai Kitale, kwenye duka la watu waliotoka Uajemi. Sisi tuliwaita Wahindi, kama tulivyomwita kila mwenye duka, na wao walishachoka kutusahihisha. Mama alipokuwa akizunguka sokoni aliniacha pale nyuma nichague maharagwe, malipo yangu kipande cha sukari guru. Duka lile lilinukia mafuta ya taa, bizari na kitambaa kipya cha marekani, na mpaka leo sijui harufu nyingine inayonifurahisha kama ile.

Mama huyo wa mwenye duka, tuliyemwita nyanya wa duka, aliolewa akiwa msichana mdogo, akaletwa Mombasa, na Kiswahili chake alikipata huko. Kilikuwa laini, kimenyooka. Changu kilikuwa cha kuparamia miti. Alikunywa chai ya rangi kwa namna ya ajabu: alibana kipande cha guru kwa meno, kisha akaivuta chai ipite juu yake, fyuu. Nilijaribu nyumbani nikachapwa kwa kupiga makelele na kikombe.

Yeye ndiye aliyenipa hadithi hii, na alinipa kwa kipimo. Mikono ikienda, hadithi inaenda. Mikono ikisimama, naye anafunga mdomo na kutazama ukutani. Gunia likiisha, hadithi nayo imeisha mpaka Jumamosi nyingine, hata kama mtu ameachwa kisimani ananing'inia.

Alianza hivi. Huko kwao Uajemi palikuwa na mfalme kijana, mzuri wa sura, hajawahi kufunga hata kamba ya kiatu chake. Siku moja alikwenda kuwinda, akasikia kiu, akafika kwenye chemchemi. Hapo alimkuta binti wa mchunga mbuzi akiteka maji. Msichana hakuinama. Alimpa maji, akamwambia asiyanywe kwa pupa maana ametoka juani. Basi, mfalme akarudi kwake hali, halali. Kesho yake akatuma wazee na dhahabu, farasi na hariri: mfalme anataka kumuoa. Mchunga mbuzi nusura azimie. Lakini binti akauliza, "Huyu bwana harusi anajua kazi gani?" Wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Binti, ni mfalme!" Akasema, "Ufalme amekalishwa juu yake. Mimi nauliza kazi aliyojifunza. Ufalme ukimwanguka kesho, mikono yake itamwambia nini?" Akakataa dhahabu, akarudi kwa mbuzi wake.

Nilipofika nyumbani, dada alikuwa ananisubiri. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi, amesoma mpaka darasa la nne kwenye shule ya misheni, kisha akatolewa asaidie nyumbani. Alisaga wimbi kwenye jiwe, mabega yakienda mbele na nyuma, nami nikamsimulia nikiwa nimeshika ungo. Sasa ujue, mimi zulia sijaliona, hariri sijaiona, na mfalme ndiyo kabisa. Kwa hiyo mfalme wa Uajemi mdomoni mwangu akawa chifu mwenye kofia, dhahabu ikawa ng'ombe, na zulia, lilipofika Jumamosi iliyofuata, likawa kikapu. Dada hakujali. Nilipofika pale binti alipouliza kazi, jiwe la kusagia lilisimama. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. Nilirudia jioni ile mara nne.

Jumamosi iliyofuata nilipata kidogo tu, maana maharagwe yalikuwa machache. Mfalme alikasirika, akakaa siku saba hali chakula, kisha akamwita mfuma mazulia maskini kuliko wote mjini, akaketi sakafuni kwake kama mwanafunzi. Vidole vikatoka damu. Gunia likaisha. "Akaweza?" nikauliza. Nyanya wa duka akatazama ukutani.

Wiki ile ile nyapara alikuja nyumbani kwetu na wazee wake kuomba mke wa mwanawe.

Mwanawe alikuwa kijana wa baiskeli. Simsemi vibaya, alikuwa mcheshi na alinisalimia, lakini jembe alilijua kwa macho tu. Ng'ombe walishafungwa pale nje, wanono, baba anawatazama na anatazama mbali. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita kukhu, aliletwa kutoka Kamukuywa kwa ajili ya siku hiyo. Kamukuywa yote ilimjua kwa vikapu vyake. Aliketi mlangoni mwa jikoni na mfuko wake wa nyuzi za mafunjo, anasuka, kama vile wageni ni mvua itakayopita.

Kwetu kuna desturi. Msichana haozwi bila kuulizwa mbele ya wazee. Anatoka jikoni na senje, yaani shangazi yake, anasimama kichwa chini, na baba anamuuliza kama ng'ombe wapokewe. Lakini hata mimi mtoto nilijua kwamba jibu ni moja. Unasema "Zipokeeni", unaficha uso, unakimbia jikoni, vigelegele vinapigwa na busaa, pombe yetu ya nafaka, inamiminwa. Swali lilikuwa limeulizwa miaka mingi mpaka watu walisahau kwamba ni swali.

"Mwanangu," baba akasema, "hawa wageni wamekuja na ng'ombe. Tuzipokee ama tusizipokee?"

Dada akainua kichwa. "Baba, kabla sijajibu, nauliza. Huyu anajua kazi gani ya mikono yake?"

Wee! Senje alimfinya dada ubavuni nikaona akiruka, lakini hakukaa chini.

"Ati nini?" nyapara akauliza. "Si huyu ni mtoto yangu? Yeye ako na baiskeli!"

"Baiskeli nimeiona, mzee. Nimeuliza mikono."

Wazee wakainamiana, wakanong'onezana, na hapo ndipo walipofanya kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha. Mmoja wa upande wa nyapara akakohoa, akasema, "Basi hiyo kazi ya mikono tuiwekee mtamba mmoja juu, tumalize hii maneno." Na wazee wetu, bana, badala ya kushangaa, wakaanza kujadiliana. Kazi ya mkono ni mtamba, ama ni mtamba na mbuzi? Mtamba mwenye mimba, ama mkavu? Baba mwenyewe akaingia kwenye hesabu hiyo.

"Ninyi!" Ilikuwa sauti ya kukhu kutoka mlangoni. Hakuacha kusuka. "Kama hamkutaka jibu, mlimuuliza ya nini? Desturi ni yenu. Msichana amejibu na swali. Mwacheni huyo kijana ajibu."

Hakuna mzee aliyeweza kupita hapo. Ilikubaliwa kwamba ng'ombe warudi mpaka mavuno ya wimbi, na kijana aje na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Yeye akatazama mikono ya kukhu, akacheka. "Kikapu tu? Mimi nitasuka, mtaona nyinyi!"

Jioni ile nyumba yetu ilikuwa na baridi kuliko nje. Baba aliuliza dada ameyatoa wapi maneno yale, na dada akanyamaza kunikinga, lakini mimi mdomo wangu haukuwahi kujua kunyamaza. Nilisema yote. "Hadithi ya Mhindi imeingia nyumba yangu!" baba akafoka. Akanipiga marufuku kukanyaga dukani. Kisha nyapara naye akafanya yake: alimtoa baba kwenye ng'ombe wa plau, akampeleka kung'oa visiki kule bondeni. Baba alirudi kila jioni mikono imechunika, anakula ugali wake na mrenda, analala. Sote tulijua kinachofuata. Dada akikataa, tunafukuzwa. Dada akikubali, baba anarudi kwa ng'ombe wake. Mzigo wote huo ulikuwa kwenye shingo ya msichana wa miaka kumi na saba, na aliyeupakia pale ni mimi.

Siku moja tukichota maji akaniuliza, "Sasa yule mfalme, alijifunza kweli?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Gunia liliisha."

Dada aliweka mtungi chini. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia kabisa, kilio cha sauti, nami nikalia kwa hofu. Alipomaliza alinawa uso mtoni. "Haidhuru," akasema. "Ajifunze, asijifunze, mimi nimeshauliza. Sirudishi nyuma." Akajitwika mtungi wake. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dada yangu dakika ile, na sijawahi kujichukia vile.

Wimbi likavunwa. Wageni wakarudi, safari hii wengi zaidi, ng'ombe wao mbele, na kijana amebeba kikapu kichwani mwenyewe. Jamani, kilikuwa kizuri! Kipana, kimebana, ukingo wake umepindwa kwa nyuzi nyeusi. Wanawake walipiga vigelegele kabla hawajaulizwa. Baba alivuta pumzi ndefu, na niliona mabega yake yakishuka. Dada alikitazama kikapu, akainamisha kichwa. Aliomba kazi ya mkono, kazi ya mkono imekuja.

"Nileteeni nikishike," kukhu akasema.

Alikigeuza chini juu. Akaweka kidole katikati ya kitako, pale msukaji anapoanzia, akakifuatisha mzunguko, polepole, duara kwa duara. Kisha akasema, "Mpeni kijana kibuyu cha busaa anywe, ametembea." Kijana akapokea, akanywa, akashukuru.

"Mmeona?" kukhu akasema. "Amepokea na mkono wa kulia. Hiki kikapu kimesukwa na mtu wa shoto. Mzunguko unaenda kinyume, tangu kitako mpaka juu."

"Aa, kukhu," kijana akasema, "mimi hutumia yote mbili."

"Vizuri." Kukhu akatoa nyuzi za mafunjo mfukoni, akazianzisha yeye mwenyewe kumrahisishia, akamnyoshea. "Suka mzunguko mmoja. Mkono wowote. Sisi hatuna haraka."

Kijana alizishika. Alizipeleka huku, akazirudisha. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Uzi mmoja ukakatika, mwingine ukamzunguka kidole. Hakuna mtu aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka. Hatimaye akaziweka chini, akasema, taratibu kabisa, kwamba alikinunua sokoni Kamukuywa. Kwa hilo nilimheshimu kidogo.

Hapo dada akainua kichwa tena. "Kukhu, na huyo wa shoto ni nani?"

"Kijana mmoja wa kutoka Ndalu. Huja siku ya soko. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Senje alijifunika uso kwa leso. Wanawake jikoni waliangua kicheko mpaka sufuria likaanguka. Lakini nyapara alikuwa amesimama, na kicheko kikafa. Hakumtazama dada. Alimtazama baba. "Fikiria vizuri, bwana," akasema. "Mwaka ujao utalima wapi?"

Baba alikuwa ameshika kofia yake. Aliizungusha, akaizungusha. Nilimwona akitazama ghala letu, kuku, mama, kisha mikono yake yenye malengelenge. Nilijua atasema ndiyo. Ningekuwa yeye ningesema ndiyo.

"Chukueni ng'ombe wenu," akasema. "Binti yangu aliulizwa."

Kabla mwezi haujaisha tulifungasha. Hakuna aliyesema tumefukuzwa, walisema tu kwamba kipande chetu kimepewa mwingine. Jumamosi ya mwisho baba alinishika mkono akanipeleka Kitale kwa miguu. Tulipofika dukani akaketi barazani, akavua kofia. "Haya, nenda ukamalizie hadithi yako," akasema.

Nyanya wa duka alinisikiliza mimi kwanza. Nilimwambia yote, na mikono yake ikasimama, yake, si yangu. Aliinamia ungo kwa kicheko, akafuta macho kwa ushungi, kisha akanimalizia.

Mfalme alijifunza. Alifuma zulia dogo, limepinda upande mmoja, na binti alilipokea kwa sababu lilipinda. Fundi wa kukodi asingekosea vile. Wakaoana, na binti akamfundisha fundo alilofungia mbuzi zake, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Siku moja mfalme alivaa nguo za maskini, akaenda kuona watu wake wanaishije, akakamatwa na wanyang'anyi na kutupwa shimoni pamoja na wengine. Alipojitaja kuwa mfalme walimcheka. Akasema, "Basi nileteeni sufi, niwafumie zulia mkaliuze kwa malkia." Akafuma, na kila pembe akatia lile fundo la mbuzi. Malkia alipolipapasa, hakungoja kulikunjua lote. Alipanda farasi mwenyewe, akawafuata wauzaji mpaka shimoni. Shimo likafunguliwa, wakatoka wote, wafungwa wengine wakitangulia na mfalme nyuma yao.

Mpaka leo sijui kama hadithi ilikuwa hivyo tangu zamani, au ule mwisho aliutengeneza palepale, kwa ajili ya kikapu chetu. Nimeuliza watu wengi. Kila mmoja ana mwisho wake.

Duka lile siku hizi lina milango ya kioo na linauza simu. Mwenyewe na watu wake walikwenda zao, wengine wanasema ng'ambo, wengine wanasema Mombasa. Shamba lilikatwakatwa, na mahali palipokuwa na nyumba yetu pana kanisa la mabati. Dada aliolewa misimu mitatu baadaye, na mtu wa Ndalu, mtu wa mkono wa shoto, aliyekuja na ng'ombe wachache wembamba hata wazee wakaona haya kuwatazama. Dada alisema "Zipokeeni" kabla baba hajamaliza swali. Wote wawili wamelala Ndalu, na vikapu vya shemeji viliisha kimoja kimoja, hakuna aliyewaza kuhifadhi hata kimoja. Na wasichana wetu bado wanaulizwa mbele ya wazee, lakini sijui kama kuna anayesikiliza jibu.

Siku ile, kabla sijatoka, nilimuuliza nyanya wa duka kitu ambacho mtu mzima asingeuliza. Nilimuuliza yeye, alipoulizwa kwao, alijibu nini.

"Mimi hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Nilivalishwa, nikaambiwa twende."

"Na wangekuuliza?"

Alitazama ukutani muda mrefu mpaka nikadhani gunia limeisha. Kutoka dukani tulisikia mumewe, baba yake mwenye duka, akikohoa na kuuliza chai iko wapi.

"Ningesema ndiyo," akasema. "Nimempenda sana mzee wangu. Lakini ningetaka kuisema."